Spika ya Mlangoni

Sebule yetu hapa Kaloleni, Nairobi, ni hatua saba kwa hatua tano. Nimeifagia tangu nilipoletwa bibi harusi, mume wangu, baba Zaid, akiwa mtu wa reli, na hakuna pembe nisiyoijua. Kuna kochi la watu watatu, kiti changu cha mbao, meza ndogo, na kabati la vyombo lenye tivii juu yake. Ukishaviweka hivyo, kinachobaki ni kijia cha kwenda jikoni na kijia cha kwenda chumbani. Sasa ndani ya hiyo nafasi ndimo mwanangu Zaid alimoamua kuingiza spika mbili nyeusi zinazonifika kifuani.

Zilikuja kwa mkokoteni kutoka Tassia. Mwenye nazo alikuwa mteja wa Zaid, amehama nyumba kubwa ya Lucky Summer akaingia chumba kimoja ghorofani, spika zikamkatalia mlangoni. Akamwambia Zaid chukua, nisizione tena. Zaid alikuwa fundi wa redio pale soko la Burma, na kwake hakukuwa na kitu kinachoitwa kibovu. Kila kitu kilikuwa kinangoja tu.

"Mama, tazama mbao hii," aliniambia, akizipapasa ubavuni kama anayenunua ng'ombe. "Siku hizi hawatengenezi hivi."

"Nimeona. Sasa zitalala wapi?"

"Hizi hazilali, Mama. Zinasimama."

"Na sisi tutasimama wapi?"

Akacheka kile kicheko chake cha kuinamisha kichwa, kisha akavua viatu, akaanza kazi.

Nilidhani ataziweka pande mbili za kabati, moja huku na moja huku, kama nilivyoona katika nyumba za watu. Hakufanya hivyo. Siku tatu nzima, kila akirudi kutoka kazini, alikuwa anazisukuma. Ameziunganisha na tivii, anaifungua pale kwenye stesheni inayoonyesha Makka, msomaji anasoma, yeye anasogeza spika kidogo, anarudi nyuma, anasimama, anatazama. Anasogeza tena. Mimi niko kwenye kiti changu na sinia la mchele.

"Usiondoke hapo, Mama."

"Mchele umekwisha. Nina sufuria jikoni."

"Basi uchambue tena."

"Nitachambua nini, nao hauna hata jiwe moja?"

"Tafuta, utapata," anasema, huku macho yake yako kwangu, si kwa spika. Nilimwona ananitazama, nikadhani anataka nimsifie.

Siku ya tatu akamaliza. Moja ilikuwa karibu kabisa na mlango wa chumbani, mkono wangu wa kulia, uso wake umeinama kunielekea. Ilikuwa karibu hata ningeweza kuweka kikombe juu yake. Ya pili ilikuwa kule mbali dirishani, nusu ndani ya pazia, imetazama upande wa jikoni. Hazikufanana hata kidogo. Jirani yangu Mumina, anayeuza madera na leso pale njiani, aliingia kunisalimia akasimama katikati ya chumba.

"Mama Zaid, hizi zimegombana?"

"Muulize mwenyewe."

"Zaid, mwanangu, wapatanishe hawa. Mmoja amenuna, mwingine ameingia pazia kama bibi harusi."

Zaid alikuwa amepiga magoti sakafuni na kichupa cha rangi ya kucha ya bintiye, ya samawati, anachora vialama kwenye saruji. Vinne chini ya pembe za spika hii, vinne chini ya ile, vinne chini ya miguu ya kiti changu. Hikma alitoka chumbani akapiga kelele.

"Aki Baba! Hiyo si ni rangi yangu ya Eid?"

"Eid bado iko mbali. Nitakununulia nyingine."

"Ulisema hivyo hivyo juu ya earphones!"

Hikma alikuwa na miaka kumi na saba wakati huo, amemaliza kidato cha nne anangoja matokeo. Mama yake aliolewa tena Garissa, Hikma akiwa bado mdogo, kwa hiyo tulikuwa watatu tu ndani ya hii nyumba.

Basi tukaanza kuishi na spika. Mlango wa chumbani ukawa unafunguka nusu, kisha unagonga pembe ya spika na kurudi. Mimi si mwembamba. Ilinibidi nipite ubavu, nivute tumbo, niweke mkono juu ya spika nisianguke, ndipo nijipenyeze. Kidole changu kidogo cha mguu kilikuwa kinajua lile sanduku kuliko mtu yeyote. Kila siku lazima kiligonge. Nikalalamika mwezi wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Watu wananisifu kwamba mimi ni mvumilivu, lakini wangemuuliza Zaid.

Mwezi wa nne, Jumatatu asubuhi, nilikuwa natoka chumbani na beseni la nguo. Beseni likakwama, nikakwama nalo, maji yakanimwagikia miguuni. Zaid alikuwa kochini anafunga kamba za viatu.

"Zaid, niondolee haya majeneza yako ndani ya nyumba yangu!"

Nilisema hivyo. Zilikuwa nyeusi, ndefu, zimesimama, na ndilo neno lililonijia. Nilijisikia nikilisema, na ningeweza kusema astaghfirullahi nikalirudisha. Sikulirudisha. Nilikuwa na hasira na miguu imelowa.

Zaid aliinuka, akanipokea beseni, akalipitisha juu ya spika.

"Nipe mpaka Ramadhani, Mama. Ramadhani ikiingia ukiniambia ondoa, naondoa siku hiyo hiyo."

"Ramadhani ina nini?"

"Wewe ngoja tu."

Ilikuwa imebaki wiki tatu.

Jumatano ya wiki ile ile, saa moja asubuhi, Zaid alikuwa anakunywa chai amesimama, kama kawaida yake. Akaweka kikombe juu ya spika ya mlangoni. Akashika kifua. Akasema, "Hikma, hebu nishike," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba kupokezwa mfuko. Tulimpeleka hospitali na gari la jirani. Saa sita mchana tulikuwa tumesharudi naye, na hakuwa akizungumza tena.

Tulimwoshea chumba cha ndani. Mimi ndiye niliyeomba hivyo, nikasema mwanangu ataoshewa alikozaliwa. Jeneza likaja kutoka msikitini mabegani mwa wanaume, likaingia mlango wa nje vizuri, likavuka sebule, na lilipofika mlango wa chumbani likasimama. Halikupita. Wakalijaribu hivi na hivi. Kisha mmoja akaniuliza taratibu:

"Mama Zaid, hii spika tuitoe?"

Walinitazama wote. Nikasema, "Itoeni."

Wakaitoa. Wakatoa na ya dirishani, watu wapate pa kusimama. Wakaziweka nje, karibu na bomba la maji, na baadaye nilipochungulia niliona mtu ameweka viatu vyake juu ya mojawapo. Mwanangu akatolewa kwa mlango uliofunguka wote. Alasiri wakamzika makaburi ya Kariokor.

Siku ya tatu, kabla ya hitima, Mumina alikuja na wanawake kuosha nyumba. Mungu amlipe, hakukaa chini tangu tulipofiwa. Alipofika kwenye vile vialama vya samawati akaniita.

"Mama Zaid, nani alimwaga rangi ya kucha hapa? Watu wataswali hapa. Rangi hii haipitishi maji, sakafu haitatwaharika sawasawa."

Alipiga magoti, akavikwangua kwa wembe kimoja kimoja, akapaka tina ya kuyeyushia rangi, akasugua kwa brashi, akamiminia maji mara saba. Nilikuwa nimekaa pale, nimejitanda leso. Nilimwona akifanya kazi ile mpaka mwisho na sikumkataza. Sikuwa najua anafuta nini. Yeye pia hakujua.

Wageni walipoondoka, spika zikarudishwa ndani. Mumina na Hikma wakaziweka pande mbili za kabati, zimetazama mbele, safi kabisa, mfano wa zile nyumba nilizokuwa nazitamani. Mlango wa chumbani ukafunguka mpaka ukutani. Usiku ule nilipita wima kwenda kulala. Mkono wangu ulitoka wenyewe kutafuta pa kushika, ukakosa.

*

Sasa nieleze habari ya sikio.

Sikio langu la kushoto lilikufa zamani, kwa homa na sindano za kwinini, Zaid akiwa ananyonya. Sikumwambia mtu. Mume wangu alikufa hajui. Unajifunza kukaa upande fulani wa watu, unajifunza kucheka wengine wanapocheka. Lakini miaka hii ya karibuni hata la kulia likaanza kuchoka. Msikitini, kule nyuma ya pazia la wanawake, nikawa sisikii neno la imamu, ni mvumo tu kama maji ndani ya bomba. Nikaacha kwenda tarawehe. Nikawaambia watu ni magoti. Magoti ni kitu ambacho kila mtu anakuamini.

Ramadhani ikaingia. Siku ya kwanza, baada ya alasiri, nilimaliza kukanda unga wa mahamri, nikanawa, nikakaa kwenye kiti changu, nikamwambia Hikma afungue Makka. Msomaji akaanza. Na mimi sikusikia.

Yaani sauti ilikuwepo. Ilikuwa kubwa, inatetemesha vikombe kabatini. Lakini maneno hayakuwemo ndani yake. Nikamwambia Hikma aongeze. Akaongeza. Ukuta wa jirani ukagongwa.

"Nyanya, hii imefika mwisho. Watatuitia chifu."

"Kuna kitu kimeharibika. Mbona zamani nilikuwa nasikia?"

Nilipolisema ndipo nilipolijua. Miezi ile minne nilikuwa nasikia. Nimekaa pale nachambua mchele, nalalamika juu ya mlango, na wakati huo huo nafuatisha aya kwa midomo, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa chuo cha Kurani nikiwa msichana. Nilidhani ni wasomaji wa siku hizi, wanatamka vizuri.

"Zilinyeshewa pale nje siku ile," nikasema. "Zimeingia maji. Mwite yule rafiki ya baba yako."

Nyamai alikuja siku ya tatu ya mfungo. Yeye na Zaid walikuwa meza moja pale Burma miaka kumi na mmoja, wakigombania bisibisi. Alinipa pole upya, akakaa kidogo na kofia mkononi, kisha akafungua spika zote mbili nyuma. Alizigusa ndani, akazipuliza, akaweka sikio.

"Mathe, hizi ni nzima. Hakuna maji, hakuna waya imekatika."

"Basi mbona zinavuma tu?"

Ndipo akainuka akatazama chumba. Alitazama spika ya huku, akatazama ya kule, akanitazama mimi.

"Nani alizihamisha?"

"Tulizipanga tu," akasema Hikma. "Si zilikuwa zimekaa vibaya? Moja ilikuwa inaziba mlango."

Nyamai akakaa chini. Hakuketi kochini, aliketi sakafuni.

"Mathe, Zaid hakukwambia?"

"Aniambie nini?"

"Ukiziweka hapo, sauti inapiga huu ukuta wa mawe wa kushoto, inarudi, inagongana na nyingine. Mtu mwenye masikio mawili atavumilia. Wewe..." Akakuna kisogo. "Unisamehe. Aliniambia nisiwahi kusema."

"Sema. Mwenye siri ameshaenda."

"Aliniambia mama yake hasikii upande huu." Akagusa sikio lake mwenyewe la kushoto. "Nikamuuliza, alikwambia? Akasema hapana, anaficha. Akasema tangu akiwa mtoto mdogo alikuwa akikuita kutoka upande ule huitiki, akizunguka huku unaitika. Basi akazoea kuzunguka. Tulicheka, mathe, nilimwambia kumbe ndiyo maana kila mahali unakaa kulia kwa watu."

Nilikumbuka. Kochini alikaa kulia kwangu. Tukitembea kwenda sokoni alikuwa upande wa kulia, hata gari likipita upande huo. Nilidhani ni mazoea ya mtoto.

"Alijua pia kwamba tarawehe uliacha si kwa sababu ya magoti," Nyamai akaendelea, polepole sasa, kama anayebeba kitu cha watu. "Alitaka Ramadhani hii uisikie yote ukiwa hapa. Juzuu zote thelathini, kila siku, mpaka mwisho. Alikuja kazini siku tatu amechoka, ananiambia bado sijapata. Nikamwambia lete futi nikusaidie kupima. Akasema futi haisaidii. Akasema, 'Mimi napima kwa midomo yake. Anachambua mchele, nasogeza spika. Midomo ikianza kufuatisha, hapo ndipo.'"

Hikma alikuwa amesimama karibu na kabati. Akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

Mimi sikulia wakati huo. Nilikuwa naona lile sinia la mchele, na mwanangu amesimama pale bila viatu, na mimi namwambia mchele hauna hata jiwe moja.

Nikasema, "Haya. Turudishe."

*

Kurudisha si neno rahisi. Nyamai alijua kazi lakini hakujua mahali. Hikma alikumbuka alama, akapiga magoti na tochi ya simu, akatafuta sakafu yote. Saruji ilikuwa safi kama sahani.

"Si alichora hapa? Nyanya, si ni hapa?"

Mumina aliingia kuleta sambusa akatukuta hivyo. Hikma akamwambia bila kufikiri, "Tunatafuta alama za Baba. Zile za rangi ya kucha."

Mumina aliweka sahani mezani.

"Ni mimi," akasema. "Mama Zaid, ni mimi niliyezikwangua. Kwa wembe."

"Ulikuwa unatengeneza pa kuswalia."

"Niliona kama uchafu."

"Ungejuaje? Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa hapa nakutazama."

Lakini hakupoa. Alikaa chini akapapasa saruji kwa viganja, kana kwamba rangi itajitokeza. Nilimshika bega nikamwambia inuka, una saumu, usijichoshe. Naye akainuka akaegemea ukuta, akabaki hapo mpaka mwisho, hakurudi kwenye madera yake.

Nilianza na kiti changu. Hicho kilikuwa rahisi, kwa sababu miaka mingi ya kichwa changu na mafuta ya nazi yameacha doa ukutani, na mgongo wa kiti umekwangua chokaa chini yake. Hikma akakirudisha mpaka mbao ikaingia kwenye mkwaruzo wake.

Spika ya mlangoni, nikawaambia waisogeze karibu na mlango. Kisha nikaingia chumbani, nikafungua mlango kama nilivyokuwa nafungua. Ukingo wa mlango wangu una kovu. Rangi ya krimu imetoka, mbao inaonekana, na pembe ya spika nayo ina rangi ya krimu. Ni miezi minne ya kugongana. Nikamwambia Nyamai asukume mpaka kovu na kovu yakutane.

"Zimekutana, mathe. Lakini inaweza kuzunguka hivi, ama hivi. Uso wake ulitazama wapi?"

Hilo sikulijua kwa macho. Nikafumba macho. Nikageuka ubavu, nikavuta tumbo, nikanyoosha mkono.

"Bado," nikasema. "Irudishe. Tena. Hapana, hapo mkono unateleza. Leta mbele kidogo."

"Hivi?"

"Bado."

Nikasogea hatua moja, na kidole changu kidogo cha mguu kikagonga pembe ya sanduku kwa maumivu yale yale, mahali pale pale. Machozi yakanitoka.

"Hapo! Msiiguse. Hapo ndipo."

Hikma alicheka huku analia. "Nyanya, umeumia?"

"Nimeumia. Iacheni hivyo hivyo."

Nikarudi kitini. Tivii ikafunguliwa. Msomaji akavuta pumzi, nikaisikia ile pumzi. Kisha maneno yakaja, upande wangu wa kulia, karibu, kama mtu ameinama kunisemesha. Hayakuja yote. Mwanzo wa aya ulinifika wazi, mwisho wake ukazama.

"Sasa ya dirishani," Nyamai akasema. "Ile ndiyo inashika miisho. Ilikuwa wapi hasa?"

Nikageuka nikatazama dirisha.

Sikukumbuka. Hikma naye hakukumbuka. Mumina alisema ilikuwa ndani ya pazia, lakini pazia ni refu, na ndani ya pazia ni wapi? Ilikuwa imegeuka kiasi gani? Ilikuwa umbali gani na ukuta? Ile haikuwahi kuniziba njia. Haikuniumiza kidole, haikunimwagia maji, sikuigombeza hata mara moja. Kwa hiyo sikuiangalia. Nilikuwa nimebaki na ile niliyoitukana tu.

Tulijaribu. Nyamai aliisukuma ndani, akaitoa nje, akaigeuza jikoni, akaigeuza kwangu. Hikma alikaa sakafuni mbele yangu, macho kwenye midomo yangu, na nikaona jinsi alivyokunja paji la uso, ni Zaid mtupu.

"Nyanya, fuatisha."

"Nafuatisha."

"Hufuatishi. Midomo imefunga."

"Usinitazame hivyo basi."

"Sasa nitajuaje?"

Alikuwa na haki. Lakini Zaid alinipima nikiwa sijui kama napimwa. Sasa nilijua. Kila midomo ilipotaka kusogea nilijiuliza ni sikio limesikia au ni moyo unataka kusikia, na ikasimama. Adhana ya magharibi ikatukuta bado. Tukafungua kwa tende na maji, Nyamai naye tukamtilia uji na mahamri, akala nasi. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni aliniambia:

"Mathe, hiyo ya pili naweza kuifikisha karibu na mahali pake tu. Kuipata kama alivyoipata yeye, sidanganyi, siwezi."

"Umefanya vya kutosha, baba. Nenda salama."

Hikma alileta kichupa cha rangi ya kucha, kingine, cha waridi. Akapiga magoti kama baba yake, akachora pembe nne za spika ya mlangoni, na miguu minne ya kiti. Alipogeukia dirishani nikamzuia.

"Ile acha."

"Nisiweke alama?"

"Utaweka alama ya nini? Hatujui."

Mwezi ule wote, kila siku baada ya alasiri, Hikma aliisogeza spika ya dirishani kidogo. Upana wa vidole viwili leo, vitatu kesho. Alikuwa hanitazami tena waziwazi. Alijifanya anakata vitunguu, akaibia jicho, nami nikajifanya sioni. Siku ya kumi na tatu aya nzima ilinifika, mwanzo mpaka mwisho, nikaisoma pamoja na msomaji, na Hikma akaacha kisu. Iliyofuata ikazama tena. Hakuwa ameisogeza spika, wala mimi sikuwa nimesogea. Labda ni pazia. Labda ni siku.

Juzuu zilienda hivyo hadi thelathini. Nilipata nusu, labda zaidi kidogo ya nusu. Nyingine nilizijazia kwa zile nilizohifadhi utotoni, na zilizobaki zimenipita.

Asubuhi ya Eid watu walikuja, nyumba ikajaa, na kila aliyekwenda chumbani kuweka buibui alikwama. Binamu ya marehemu mume wangu, mtu wa miraba minne, akajitolea.

"Shemeji, tuitoe hii, leo ni sikukuu. Watu watapita wapi?"

Kabla sijajibu Mumina alikuwa ameshainuka na sahani ya halua. Naye si mwembamba. Aligeuka ubavu, akavuta tumbo, akaweka mkono juu ya spika, akajipenyeza taratibu bila kuisogeza hata unywele.

"Watapita hivi," akasema kutoka upande wa pili.

Yule binamu akanitazama. Nikamwonyesha alama za waridi pale chini, nikamwambia avue viatu asije akazifuta. Kisha nikasogea kidogo kochini, nikamkaribisha akae upande wangu wa kushoto. Ule wa kulia Hikma alikuwa ameshaukalia.